Damu Isiyomwagika Katika Nchi ya Bayana

Katika nchi ya Bayana, kitu huhesabiwa kuwa kipo pale tu kinapoonwa na watu watatu, mmoja wao akiwa na muhuri. Mvua ikinyesha bondeni ambako hakuna mtu, mto hufurika na watu huvuka kwa taabu, lakini mvua haiandikwi. Hayo ndiyo aliyoelezwa Nakijwa Mshana siku aliyowasili, na karani aliyemweleza hakuwa anatania.

Nakijwa alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke wa Upare wa miaka hamsini na miwili, mkavu wa maneno. Baraza la Bayana lilimwita kwa barua yenye mihuri mitano ili aje atoe ushahidi katika kesi ya mbwa. Mwaka ule mambo mawili yalitokea pamoja katika mitaa ya nchi hiyo. Watoto wa mbwa walianza kutapika na kuhara damu yenye harufu nzito, na wengi walikufa ndani ya siku tatu. Wakati huohuo watoto wa watu walianza kutokwa na wekundu mashavuni, kama waliozabwa makofi. Kwa kuwa yote mawili yalionekana, na yalionekana mtaa mmoja, Baraza liliandika kwamba ni jambo moja. Mbwa wote wa Bayana, wazima na wagonjwa, wakashtakiwa kwa kuwapiga watoto makofi yasiyoonekana mkono.

Kabla ya kesi kuanza alitembezwa shuleni ajionee juhudi za serikali. Mlangoni walisimama wakaguzi wa mashavu na taa zao. Wengi wa watoto wa Bayana ni weusi, na wekundu kwenye shavu jeusi hauonekani kirahisi, kwa hiyo taa ziliongezwa ukali mpaka hata watoto wazima wakawa wanatoka jasho na kuiva uso. Aliyekutwa na wekundu alipelekwa kwenye Nyumba ya Wekundu kukaa siku ishirini bila kuonana na mama yake. Aliyekuwa na mafua alipita. Ndani, kando ya mtungi, kilining'inia kikombe kimoja cha bati, na watoto wenye mafua walikunywa na kukirudisha, kikapokewa na wenzao.

Nakijwa alimwambia mkaguzi aliyekuwa karibu naye, "Hao mnaowafungia wameshamaliza kuambukiza. Wekundu unatokea mwishoni. Wanaoambukiza ni hawa wenye mafua, hapa kwenye kikombe."

Mkaguzi alimtazama kwa heshima. "Mafua hayana rangi, Daktari," alisema, akainua taa kumulika shavu lililofuata.

Alipangiwa kulala kwa Sihaba, mshonaji wa sare za wakaguzi, ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi machimboni kaskazini na angerudi baada ya mavuno. Sihaba alikuwa na mtoto mmoja, Mwajabu, msichana wa miaka tisa mwenye mikono myembamba na maswali mengi. Mwajabu alizaliwa na selimundu, ugonjwa wa chembe za damu zilizopinda kama mundu. Lakini chembe za damu hazionekani kwa macho, kwa hiyo Bayana haikuwa na ugonjwa wa jina hilo. Siku alizolia kwa maumivu ya mifupa ziliandikwa kwenye daftari la shule kuwa siku za uvivu, na mama yake alitozwa adhabu ya kushona vifungo vya mapazia ya shule.

"Nimeshona vifungo mia nne," Sihaba alimwambia mgeni wake jioni ya kwanza, akivuta uzi kwa meno. "Mapazia yenyewe hayana hata mahali pa kufungia."

Mwajabu alitaka kujua kama ng'ombe huwa na selimundu. Nakijwa alisema hajawahi kumwona mwenye nayo. Mtoto akafikiri kidogo, kisha akauliza, "Kwa hiyo hawana, au hawajaonwa?" Nakijwa alicheka, na kwa muda mrefu baadaye hakucheka tena.

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi wenye madirisha pande zote nne. Wajumbe walikuwa kumi na mmoja, na mwenyekiti wao alikuwa Mheshimiwa Dihenga, mtu mnene mwenye sauti ya upole, aliyekuwa na desturi ya kufumba macho pale aliposikia jambo asilotaka kulihesabu.

"Daktari," alianza, "ugonjwa wa mbwa hawa unaitwaje?"

"Ni virusi vya parvo, Mheshimiwa."

"Na wa watoto wetu?"

"Ni virusi vya parvo pia, lakini vya aina nyingine. Vya mbwa haviwashiki watu. Vya watu haviwashiki mbwa."

Minong'ono ilipita ukumbini. Dihenga aliinua kidole. "Ni ukoo mmoja, basi."

"Ni ukoo mmoja kama paka na simba walivyo ukoo mmoja. Ukiona ng'ombe ameraruliwa porini huendi kumkamata paka wa jikoni."

"Katika sheria yetu ukoo hujibu kwa pamoja," alisema Dihenga. "Shemeji yangu aliiba mbuzi, na mimi nikafungwa miezi miwili. Sikulalamika."

Ilichukua siku sita. Nakijwa aliwapeleka wajumbe kwenye nyumba ambazo hazijawahi kufuga mbwa, wakaona watoto wenye mashavu mekundu. Aliwapeleka kwa mchungaji mmoja mpweke, asiye na mtoto wala jirani mwenye mtoto, wakaona watoto wa mbwa wake wanne wakifa. Aliwaonyesha kwamba nyua zilizooshwa kwa maji ya waridi, kama sheria ilivyoamuru, ziliendelea kuua kila mtoto wa mbwa aliyeletwa upya, kwa kuwa kirusi hicho hukaa kwenye udongo na sakafuni miezi mingi bila kujali manukato. Aliwaambia kuhusu klorini na kuhusu chanjo. Wajumbe walitazama, wakahesabu, wakapiga mihuri. Kufikia siku ya sita, watano kati yao walikuwa wameegemea upande wa mbwa, na wa sita, mzee aliyekuwa na mbwa wa ulinzi, alikuwa anasitasita. Kura ilipangwa baada ya siku nne.

Jioni ya siku hiyo ya sita jua lilikuwa bado lipo aliporudi nyumbani. Mwajabu alikuwa ameketi kwenye ngazi ya kwanza ya nyumba. Ngazi zilikuwa tatu tu.

"Ninapumzika kwanza," mtoto alisema.

Alikuwa na mafua wiki iliyopita, kama watoto wengine wa darasa lake. Nakijwa aliweka mkoba chini. Alisikia pumzi ya mtoto, fupi, ya haraka, kama ya mtu aliyekimbia, na huku ameketi. Alipiga goti akamvuta kope ya chini kwa kidole gumba, kama alivyozoea kuwafanyia mbuzi. Ndani ya kope palikuwa peupe. Akageuza viganja vyake. Navyo vilikuwa vyeupe, hata ile mistari.

"Mama Mwajabu," aliita bila kupandisha sauti. "Njoo hapa, mdogo wangu."

Sihaba alitoka akitabasamu, ameshika karatasi. "Mkaguzi alipita leo," alisema. "Kampa cheti. Soma mwenyewe: hakuna wekundu hata kidogo, afya bora kuliko wote mtaani." Kisha akaona uso wa Nakijwa, na karatasi ikashuka pamoja na mkono.

Nakijwa alimweleza palepale ngazini, kwa maneno machache aliyoweza. Mtoto wa dada yake alikuwa na selimundu, na aliwahi kukaa naye wodini akasikia madaktari wakisema. Kirusi cha watoto huingia kwenye uboho, ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa, na hukizima kiwanda kwa wiki moja au zaidi kidogo. Mtoto mwingine hajui hata kama kimezimwa, kwa sababu chembe zake za damu hudumu miezi minne. Za Mwajabu hudumu wiki mbili tatu. Kiwanda kikisimama, ghala linakwisha.

"Kiwanda kitaamka chenyewe," alisema. "Lakini lazima apewe damu ya kumfikisha siku hiyo. Na apewe leo."

Sihaba alimbeba mwanawe mgongoni na kumfunga kanga, kama mtoto mchanga.

Nyumba ya Damu ilikuwa na ukuta mweupe, na juu ya dirisha la mapokezi paliandikwa kwa herufi kubwa: DAMU HUPEWA ALIYEONEKANA AKIMWAGA DAMU. Mtunzaji wake, Bwana Makungu, alikuwa mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimpima mtoto kwa tone moja kutoka kwenye kidole, akatazama kipimo, akakitazama tena. Kisha akavua miwani.

"Amebakiwa na damu ya kujaza kikombe tu," alisema. "Sijui amekaaje mpaka sasa."

"Basi mpe," Sihaba alisema.

"Imemwagikia wapi?"

"Haijamwagika. Haitengenezwi."

Makungu alitazama maandishi juu ya dirisha, ingawa bila shaka aliyajua. "Mama, nina chupa kumi na nne za kundi lake la damu mle ndani. Nikikupa moja bila jeraha, kesho mlango huu unafungwa na mimi napelekwa machimboni, na kesho kutwa mama mwingine anakuja na mtoto aliyekatwa na shoka anakuta kufuli. Nahitaji jeraha lisilopungua pingili ya kidole, na watu watatu walioliona. Muhuri ninao mimi."

"Hilo tone ulilompima si damu?" Nakijwa aliuliza.

"Sindano si jeraha. Imeandikwa."

Nyuma yao, mama mfagiaji aliacha kufagia. Kichwa cha Mwajabu kilikuwa kimelala kwenye bega la mama yake na midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Nakijwa alianza kubishana. Alisema juu ya uboho na juu ya wiki moja, na Makungu aliitikia kila neno kwa kichwa, akikubali, bila kusogea. Ni katika kubishana huko ndipo Nakijwa hakumwona Sihaba akimlaza mtoto kwenye benchi, wala akifungua mkoba wa daktari uliokuwa sakafuni.

Kisha akageuka. Sihaba alikuwa ameshika mkono wa kushoto wa mwanawe, na wembe wa kunyolea ng'ombe kabla ya upasuaji.

"Tazameni," Sihaba alisema. "Wote watatu."

Alikata chini kidogo ya kiwiko, pingili moja kamili, kwa mkono usiotetemeka wa mtu aliyekata vitambaa miaka kumi na mitano. Mwajabu hakulia. Alishtuka tu, akamtazama mama yake kwa macho makubwa, na Sihaba alikuwa anasema, "Nisamehe mwanangu, nisamehe," mfululizo, kwa sauti ya chini. Damu iliyotoka ilikuwa nyepesi na ya rangi hafifu kiasi kwamba Nakijwa aliogopa Makungu ataikataa.

Makungu aliitazama. Alivaa miwani.

"Nimeona," alisema, na akakimbia kwenda kuchukua chupa.

Nakijwa aliuchukua wembe kutoka kwenye vidole vya Sihaba na kulibana jeraha kwa kitambaa.

Mtoto alipokea chupa mbili. Kufikia asubuhi pumzi yake ilikuwa imetulia, na siku ya pili aliomba uji, akasema hauna sukari ya kutosha. Lakini fomu ya jeraha ilikuwa na mstari ambao Makungu hakuweza kuujaza peke yake: *aliyejeruhi*. Mstari huo ulipaswa kujazwa mbele ya Baraza ndani ya siku nne, la sivyo damu ingehesabiwa kuwa imeibwa na mtunzaji ndiye mwizi. Siku ya nne ilikuwa siku ya kura ya mbwa.

Sihaba alizipiga pasi nguo zake usiku wa kuamkia siku hiyo. "Ni miaka minne machimboni kwa anayemjeruhi mtoto," alimwambia Nakijwa. "Atakuwa na miaka kumi na mitatu nikirudi. Dada, utamtafutia mtu wa kukaa naye mpaka baba yake arudi? Mtu anayejua kwamba si mvivu."

"Na mgeni akimjeruhi mtoto?" Nakijwa aliuliza.

"Mgeni hafungwi. Anafukuzwa, na maneno yote aliyowahi kusema ndani ya Bayana yanafutwa." Alinyoosha kola ya gauni. "Lakini hukumjeruhi wewe."

Nakijwa alilala macho wazi akihesabu wajumbe: watano wa hakika, mmoja anayesitasita. Alihesabu pia mbwa aliowaona katika nyua kwa siku zile, kisha akaacha kuhesabu.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Mheshimiwa Dihenga alisema wataanza na jambo dogo la fomu, kisha wapige kura. Yule mzee mwenye mbwa wa ulinzi alikuwa ameketi mkono wake tayari juu ya meza, upande wa kuwaachia mbwa. Nakijwa aliuona mkono huo. Alielewa kwamba ungetosha.

"Mtoto Mwajabu binti Sihaba amejeruhiwa mkono wa kushoto," Dihenga alisoma. "Nani aliyejeruhi?"

Kiti cha Sihaba kiligonga sakafu alipokuwa anainuka. Nakijwa alikuwa amesimama tayari.

"Mimi, Mheshimiwa."

Sihaba alifungua mdomo. Nakijwa alimshika kifundo cha mkono, kwa nguvu, kama anavyoshikwa ndama anayetaka kukurupuka, na hakumwachia.

Dihenga alionekana kusikitika kweli. "Daktari, unajua maneno yako ya siku sita yatakwenda wapi?"

"Najua."

"Mtunzaji. Uliona nini?"

Makungu alisimama na kukunja mikono mbele. "Niliona jeraha, Mheshimiwa. Nilikuwa natazama jeraha."

"Na wewe, mama?"

Mama mfagiaji alikuwa hajawahi kuulizwa kitu katika ukumbi ule. Alimtazama Sihaba, kisha akamtazama mgeni kwa muda mrefu, hadi mwandishi akainua kalamu kuona kama wino umeganda.

"Nilimwona huyu mgeni," alisema taratibu, "ameshika wembe wenye damu."

Ilikuwa kweli, na ikapigwa muhuri.

Mwandishi alichukua kurasa za siku sita na kuzichana moja baada ya nyingine, bila hasira, kama mtu anayemenya vitunguu. Kwa kuwa maneno yake sasa hayakuwa yamesemwa, wajumbe walirudi walikokuwa kabla ya kuyasikia. Mkono wa yule mzee ulishuka mapajani. Kura zilikuwa nane dhidi ya tatu: mbwa wote watakaoonekana waondolewe. Sihaba alikuwa analia bila sauti. Nakijwa alimwachia kifundo cha mkono na kuona kwamba ameacha alama za vidole.

Alipewa mpaka adhuhuri kuondoka. Mwajabu alikuwa ameketi kitandani na bandeji mkononi, akataka kujua nani atamjibu maswali sasa. Nakijwa alimwambia aendelee kuuliza hata wasipojibu, anywe maji mengi, na mafua yakianza darasani abaki nyumbani. Kuhusu hiki kirusi, akisha kupona hakimrudii. Sihaba alimfuata mpaka mlangoni. Aliishika mikono ya Nakijwa na kuiweka usoni kwake, ikalowa.

Sajini Limbu ndiye aliyepewa kazi ya kumsindikiza mpakani. Alikuwa kijana mrefu asiyesema kitu, ameshika hati ya kufukuzwa mbele yake kama sinia. Mitaa waliyopita ilikuwa kimya. Mageti yalikuwa yamefungwa na hakuna mbwa aliyebweka, na Nakijwa alitembea akitazama chini, akiamini kwamba wameshakufa wote.

Walipofika kwenye jiwe la mpaka Limbu hakumpa hati. Alitazama mlima.

"Mke wangu ana mimba ya miezi minne," alisema, kana kwamba anauambia mlima. "Binti yetu mkubwa ametoka wekundu jana."

Nakijwa alisimama. "Maneno yangu hayahesabiki, Sajini."

"Ndiyo maana nauliza hapa."

Alimweleza. Kwamba kama mkewe amekipata kirusi, alikipata wiki iliyopita, binti alipokuwa na mafua, kwa hiyo kumfungia binti sasa hakusaidii kitu. Kwamba wanawake wengi walishakipata utotoni na hakiwadhuru tena. Kwamba wasiokipata wengi wao pia huzaa salama, lakini mara nyingine mtoto aliye tumboni hupungukiwa damu, kwa hiyo mke apimwe, na mkunga amwangalie mtoto kila wiki mpaka miezi mitatu ipite, asiishie kumtazama mama mashavu. Limbu aligeuza hati ya kufukuzwa, akatoa kalamu, na kuandika nyuma yake, akiuliza namna ya kuandika baadhi ya maneno.

"Na ndani ya stoo," alisema, bado anaandika, "kuna mbwa mdogo anatapika. Stoo haina dirisha. Wengi mtaani tumegundua kwamba stoo hazina madirisha."

Nakijwa aliweka mkoba chini.

"Maji yenye chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko," alisema. "Asipoacha kutapika atahitaji dripu, kwa hiyo tafuta mtu anayejua kuitundika. Asikutane na watoto wengine wa mbwa. Sakafu uioshe kwa klorini, siyo waridi. Viatu vyako pia."

"Kiasi gani cha klorini?"

Alimwambia. Wakati huo walinzi wawili wa kituo cha mpaka walikuwa wametoka kibandani na kusogea taratibu, mmoja akijifanya kufunga kamba za viatu. Hakuna aliyemwangalia usoni. Yule wa viatu alisafisha koo na kusema hakusikia vizuri lile la chumvi na sukari, na kama si taabu, arudie tangu mwanzo.